Bomba Ambalo Hatukulichomoa

Mwalimu hakunikaripia. Alinikaribisha sebuleni, akanionyesha kiti kinachotazamana na dirisha tulilolisafisha siku nne kabla ya hapo, kisha akatoka nje kwenye tangi na kurudi na glasi ya maji, ambayo aliiweka mezani katikati yetu kama anayerudisha daftari la mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kiduchu. Tope jeusi lilikuwa limetuama chini, na juu lilielea ua la mjakaranda lililooza hadi likabaki kama karatasi iliyolowa.

Glasi yenyewe ilikuwa inameta.

“Madirisha yamependeza, mwanangu,” alisema. “Sasa niambie, haya nitayafanyia nini?”

Niliomba radhi, nikaahidi kulipa, nikasema na maneno mengine mengi ambayo siyakumbuki. Wiki saba zimepita tangu siku hiyo, na ile glasi haijaniondoka machoni. Nimewahi kufanya makosa ya gharama kubwa zaidi katika biashara hii ya kuosha madirisha, yakiwemo ya kuvunja kioo cha mlango ambacho hakikupatikana tena madukani, lakini hayo yaliisha nilipolipa. Hili limekataa kuisha.

## Mji unaonilisha

Husemwa kwamba jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi, na mimi ni miongoni mwa wakaazi wachache wanaolishukuru jina hilo. Nina vijana wawili, gari moja kuukuu, vipanguzi vya mpira, fito za kurefusha mkono na wateja wa kutosha kuanzia Milimani hadi Kiamunyi. Kuanzia Januari upepo unapolivusha vumbi juu ya mji, simu yangu hailali.

Kuna jambo moja la kazi yetu ambalo wateja wengi hawalifahamu. Maji ya visima virefu vya huku yakikaukia kwenye kioo huacha madoa meupe, hata ukipangusa kwa ustadi wa namna gani. Kwa hiyo tangu mwanzo tumekuwa na desturi ya kumwomba mwenye nyumba ndoo mbili za maji ya mvua kwa ajili ya kusuuza. Miaka yote hiyo nimekuwa nikifungua mifereji ya matangi ya watu, nikiyasifu maji yao kwa jinsi yanavyokauka bila alama, na sikumbuki hata siku moja niliyoinua macho kutazama yalikopitia kabla ya kufika kwenye ndoo yangu.

## Michirizi ya kahawia

Wazo la gata lilinijia kwa njia ya lawama. (Yaani ule mfereji wa bati ukingoni mwa paa unaopokea maji ya mvua. Vitabuni huitwa milizamu, lakini sijawahi kumsikia fundi wa Nakuru akiitamka, nami nitabaki na gata.) Aprili iliyopita mteja mmoja alinipigia simu saa moja asubuhi akidai kwamba vijana wangu hawakuyagusa madirisha ya upande wa mashariki, kwa sababu yote yalikuwa na michirizi ya kahawia kutoka juu hadi chini. Nilikwenda nikiwa na hasira na vijana. Nilipofika nikakuta kazi yao ilikuwa safi, ila usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na gata iliyojaa majani ya mgrevilea na vinyesi vya ndege ilikuwa imefurika kwa mbele na kumwaga uchafu wake wote ukutani na kwenye vioo. Katika kona moja nyasi zilikuwa zimeota humo, ndefu kama za bustani.

Tulirudia kazi bila malipo. Mwezi huo huo tulirudia nyumba nyingine mbili kwa sababu ile ile, na nilipohesabu mafuta ya gari na nusu siku tatu zilizopotea, nikaona kwamba nilikuwa ninawalipia wateja wangu uchafu wa mapaa yao.

Basi niliingia katika kazi ya gata ili kuvilinda vioo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nadhani ndipo lilipoanzia kosa. Kwa macho yangu, gata ilikuwa kitu kinachochafua madirisha. Tukiisafisha, madirisha yatabaki safi, na mteja ataongeza pesa kidogo juu ya bei ya kawaida. Kwamba gata hiyo hiyo ndiyo inayolinywesha tangi nililokuwa nikichotea maji yangu ya kusuuza, nilijua kama mtu anavyojua jina la mtaa asimoishi.

## Ngazi

Kilichonichelewesha ni ngazi. Madirisha ya nyumba za ghorofa moja tulikuwa tukiyaosha miguu ikiwa ardhini, kwa kutumia fito ndefu, na nilikuwa nimejivunia kwa miaka kwamba hakuna kijana wangu aliyewahi kupanda juu ya kitu kirefu kuliko ndoo iliyopinduliwa. Gata haikubali hivyo. Inamtaka mtu apande, ainame pembeni, atumie mkono mmoja kuchota tope lililolowa, na afanye hivyo mara ishirini katika nyumba moja, akishuka na kuisogeza ngazi kila baada ya hatua mbili.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Nilijifunza kwamba kwa kila mita nne ngazi inazopanda, mguu wake unapaswa kusimama mita moja kutoka ukutani. Kwamba mtu wa pili hashiki ngazi huku akizungumza na simu. Kwamba ngazi haiegemezwi kwenye gata yenyewe, kwa maana ile ni bati jembamba lililoshikwa na misumari michache. Niligundua pia kwamba Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu enzi za madirisha na sikulifanya. Nililipa bima kwanza, ndipo nikanunua ngazi. Kazi moja niliikataa, ya nyumba ya zamani yenye paa la asbesto, kwa sababu bati lile huvunjika chini ya uzito wa mtu na kulikwaruza ni kurusha hewani nyuzinyuzi zinazoharibu mapafu. Mteja alikasirika, akaondoka hata na madirisha yake.

Kuhusu bei sina mengi. Nilianza kwa kuongeza shilingi 1,500 juu ya 2,500 za madirisha, nikagundua kwamba gata inakula muda mara mbili ya madirisha, nikapandisha hadi 3,500. Waliobaki walibaki.

Ninachotaka kusema ni hiki: nilitumia wiki tatu nikimfikiria mtu anayeweza kuanguka kutoka juu, na sikutumia hata dakika moja kufikiria kitakachoteremka.

## Swali la kijana

Mwanzoni mwa Desemba tulifika kwa Mwalimu. Nyumba yake iko Kiamunyi, chini ya mijakaranda miwili ambayo kwa wiki kadhaa huufanya ua wake uwe wa zambarau, na baada ya hapo huyajaza maua yake pote penye bati. Vijana walichota tope kwa mwiko wa fundi na kulitia ndoo, wakafanya vizuri. Lakini tope la gata likishachotwa huacha utando mweusi chini yake, na utando ule hautoki kwa mwiko. Nikawaambia wapandishe mpira wa maji na kuusukuma.

Kijana mdogo zaidi, ambaye ndiye aliyekuwa juu, alisita.

“Mkubwa, maji haya yanaelekea wapi?”

Nilikuwa chini, ninapangusa dirisha la jikoni, na jua lilikuwa linakikausha kioo haraka kuliko nilivyotaka. Nikamwambia yanaelekea tangini, lakini ni kidogo, yatatua. Baada ya muda akasema tena kwamba chujio la waya kwenye mdomo wa tangi limeziba kwa maua na maji yanarudi nyuma. Nikamwambia aling'oe kwanza hadi tumalize.

Hayo mawili ndiyo niliyoyasema. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, nikijaribu kuyapata yakiwa na sauti nyingine, ya mtu aliyebanwa au aliyechoka, na kila mara huyasikia kwa sauti ile ile ya mtu ambaye shughuli yake halisi iko kwenye kioo. Kijana aliuliza swali ambalo bwana wake alipaswa kuuliza miezi minane kabla, na bwana wake alimjibu bila kugeuza shingo.

Bomba la kuteremshia maji limeungwa na tangi kwa kiwiko cha plastiki chenye skrubu mbili. Kulichomoa ni kazi ya dakika tatu.

## Meno

Nilipomwambia Mwalimu siku ile ya glasi kwamba tutalimwaga tangi na kulisugua, alinyamaza kidogo, kisha akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwake, akaifungua midomo yake waziwazi ili nione. Meno yake yana mabaka ya kahawia, kama ya watu wengi waliokulia katika Bonde la Ufa wakinywa maji ya ardhini.

Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa habari ya floraidi. Miamba ya volkano iliyo chini yetu huiachilia ndani ya maji ya visima, mara nyingi kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi huota meno yaliyokwisha kuchafuka. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki pale pale, ikawa nzito zaidi. Kuna machujio ya mkaa wa mifupa, ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa kuyaeneza, lakini si kila nyumba inayo.

Mwalimu alisimama mbele ya madarasa kwa zaidi ya miaka thelathini, akaona watoto wakicheka huku wameziba midomo kwa viganja. Alipostaafu na wajukuu wawili wakaja kuishi naye, kitu cha kwanza alichokinunua kwa pesa za kiinua mgongo kilikuwa tangi la lita 5,000. Maji ya kisima cha mtaa ni ya kufulia na kuogea. Ya mvua ni ya watoto.

Hilo ndilo tangi nililolitia tope.

## Lita 3,600

Tulipima kwa kamba. Maji yaliyokuwemo yalikaribia lita 3,600, na yalikuwa yamekusudiwa kuwafikisha hadi mvua za Machi. Nilipendekeza tuyaache yatulie wiki moja kisha tutie dawa ya klorini, na ninakiri kwamba pendekezo hilo lilikuwa na harufu ya mtu anayetafuta njia ya bei nafuu. Mwalimu, ambaye alifundisha sayansi, aliniuliza klorini itaanza na vijidudu au itaanza na tope. Alikuwa sahihi. Uchafu wa majani na vinyesi huimaliza dawa kabla haijawafikia wadudu, na ili itoshe inabidi utie kiasi ambacho mtoto hatayanywa maji hayo hata kwa kiboko.

Tukayafungulia yakaenda kwenye sukuma wiki na migomba. Ilichukua mchana mzima. Nilisimama pale nikifanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya nilipokuwa nikichota ndoo zangu mbili: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, na upande wa paa unaoingiza maji tangini kwake ni kama mita 60 za mraba. Kwa hiyo maji niliyokuwa nikiyatazama yakipotea yalikuwa milimita 60 za mvua, na hiyo ni ikiwa halipotei hata tone njiani. Ilikuwa Desemba. Mawingu yalikuwa yamekwisha kuaga.

Mjukuu mdogo alikuwa ameharisha siku mbili kabla ya Mwalimu kuniita. Inawezekana ni maji yale. Inawezekana pia ni embe bivu alizokuwa akila njiani kutoka dukani, kama Mwalimu, bibi yake mwenyewe, alivyosema kwa ukarimu ambao uliniumiza kuliko lawama. Mtoto alipona. Mimi nimebaki na “inawezekana” zote mbili, na sioni namna ya kuitua hata moja.

Tangu hapo ninanunua mitungi mitatu ya lita 20 ya maji yaliyochujwa kila wiki na kuipeleka Kiamunyi. Mke wangu aliniuliza hadi lini. Nilimwambia hadi mvua.

## Kazi isiyo na shahidi

Nilifikiria kuiacha kazi ya gata kabisa na kurudi kwenye vioo, na kwa siku kadhaa uamuzi huo ulionekana kuwa wa kiungwana. Kisha nikajiuliza ni nani atakayeifanya nikiiacha. Jibu nilikuwa nalo: mtu mwenye ngazi ya kuazima, atakayelipwa shilingi 800, atakayeosha kila kitu kuelekea tangini kama mimi, na ambaye hakuna atakayempandia juu kumkagua.

Kioo kina shahidi wake. Mteja husimama mbele yake, akainamisha kichwa upande mmoja kulitafuta doa, na asipoliona hulipa. Gata iko juu ya vichwa vya watu, na mwenye nyumba, hasa akiwa na umri wa Mwalimu, hununua neno la fundi tu. Tulipoanza tulikuwa tukiwapiga wateja picha za kabla na baada, hadi siku nilipogundua kwamba mmoja wa vijana wangu alikuwa amempelekea mteja picha ya nyumba ya jirani kwa sababu simu yake ilizima kabla hajaipiga ile ya kweli. Kazi ilikuwa imefanyika. Picha ilikuwa ya uongo. Sikujua nimkemee kwa lipi.

Hatukuacha. Tumebadilisha mpangilio wote. Kabla ngazi haijafunguliwa, bomba linachomolewa na mdomo wa tangi unafungwa kwa nailoni na mpira. Tunachota tope likiwa kavu ikiwezekana, na ndiyo sababu sasa tunapenda kuifanya kazi hiyo katika majuma haya ya kiangazi, tukiacha duru ya pili baada ya mijakaranda kumaliza kumwaga maua. Tunasukuma kwa maji yanayomwagika ardhini hadi yatoke yakiwa meupe. Gata inatangulia, madirisha yanafuata, na glavu za huku hazigusi vitambaa vya kule.

Kwa wanaokubali, tunafunga pia kipande cha bomba la inchi nne kinachosimama wima kabla ya tangi, kimezibwa chini na kuachiwa tundu dogo la kudondosha. Mvua inapoanza, maji ya kwanza, yale yanayoteremka na vumbi na vinyesi vya kwarara, huingia humo. Kikijaa, yanayofuata hupita juu na kwenda tangini. Urefu wa mita tatu hubeba zaidi kidogo ya lita 20. Si kingi, lakini ni lita 20 ambazo mtu hatazinywa. Nilimwomba Mwalimu aniruhusu nimfungie bila malipo.

“Ngoja kwanza,” alisema.

## Bisibisi

Jumanne iliyopita alinipigia simu. Upepo ulikuwa umeyarudishia madirisha vumbi lake, naye alitaka yaoshwe. Madirisha tu, akasema, kwa kuwa gata amempatia mtu mwingine.

Nilikwenda mwenyewe. Mvua moja ya kushtukiza katikati ya Januari ilikuwa imemwachia maji yaliyopita kidogo juu ya mfereji wa tangi, pengine lita mia nne au mia tano, na wajukuu walikuwa wamelichorea tangi mstari wa chaki kuonyesha yalipofikia. Nilipitisha ndoo yangu karibu na mstari ule na kwenda kuchota maji ya kisima, nikijua nitalazimika kupangusa mara mbili.

Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni niliposikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Alikuwa mwanamume wa makamo, anajua kazi, anachota haraka kuliko vijana wangu. Katika kioo nilichokuwa nikikipangusa nilimwona akishuka, akiunganisha mpira wa maji na bomba la bustani, na kuanza kupanda nao tena. Kiwiko cha plastiki kilikuwa bado kimeshikana na tangi, skrubu zote mbili mahali pake. Mwalimu alikuwa ndani. Sauti ya redio ilisikika. Ile haikuwa kazi yangu, na nilikuwa nimeambiwa hivyo kwa lugha ya heshima.

Sabuni ilianza kukauka kwenye kioo. Niliiacha.

“Samahani, fundi,” nilimwita kutoka chini. “Hilo bomba lichomoe kwanza.”

Aliugeuza mpira pembeni, akanitazama kwa macho ya mtu anayeingiliwa kazini na muosha madirisha, akalifuatisha bomba kwa macho hadi lilipoishia. Kisha akaniuliza kama nina bisibisi.

Nilikuwa nayo mfukoni.